Chupa ya Kitanda cha Nne

Jumatatu, 6 Novemba 1978

Daftari hili lilikuwa la kutupwa. Panya wametafuna pembe moja ya jalada, na Sista wa stoo akasema halifai tena kwa ofisi. Nimeliomba. Nina miezi mitano katika hospitali hii ya misheni ya Nyamigunga, na kila siku naenda kulala nikihesabu nilipokosea. Afadhali nihesabu kwenye karatasi.

Mimi ni karani na mpiga chapa wa wodi ya watoto wenye ugonjwa wa figo. Daktari Kamili, aliyesomea figo za watoto ng'ambo, ameagizwa aandike viwango vya kumfundisha daktari mwingine kazi hiyo hapa hapa nchini: asome nini, aone wagonjwa wangapi, afanye nini kwa mikono yake na mara ngapi, na nani athibitishe kwamba ameweza. Ili viwango visiwe maneno matupu, anavijaribu kwa mwanafunzi mmoja, Daktari Eustace, kijana wa upande wa Bukoba. Mimi napiga chapa viwango hivyo, na ninatunza Kitabu cha Mafunzo, ambamo kila tendo la Daktari Eustace lina mstari wake: tarehe, mtoto, kilichofanyika, sahihi ya msimamizi, mhuri.

Leo nimekosea neno moja ukurasa wa tatu na kaboni zote nne zimeharibika. Daktari Kamili hakufoka. Alisema tu, "Rudia, Paskalia." Ingekuwa nafuu kama angefoka.

Alhamisi, 9 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Bati linapiga kelele hata sisikii kengele ya mashine nikifika mwisho wa mstari.

Jumanne, 14 Novemba

Watoto wameanza kuja. Daktari Kamili anasema ni kila mwaka: upele unaingia usaha, na wiki mbili baadaye mtoto anaamka macho yamefumba kwa uvimbe na mkojo wake kama chai ya rangi iliyokolea.

Leo amefundisha akiwa amesimama mlangoni pa wodi, nami nikiandika.

"Eustace, figo zimelala. Ukimpa mtoto maji mengi, yatatokea wapi?"

"Hayatatokea, daktari."

"Yatakwenda usoni. Kisha miguuni. Kisha?"

"Mapafuni."

"Mapafuni. Mtoto anazama akiwa nchi kavu. Kwa hiyo kila asubuhi: mkojo wa jana, ongeza vikombe vitatu vya mililita mia. Basi. Hata akilia."

Hesabu ya mkojo ni kazi yangu. Kila mama ana chupa tupu ya dripu, ile ya kioo yenye alama ubavuni. Anakinga mkojo wa mtoto mchana na usiku, saa moja asubuhi anauleta mezani kwangu. Nasoma alama, naandika kwenye karatasi, namwaga. Daktari anaisoma karatasi na kupanga vikombe vya siku.

Mtoto alipaswa pia kupimwa uzito kila asubuhi, lakini mizani yetu imekatika springi tangu Septemba. Leo nimepiga chapa barua ya tatu ya kuomba nyingine.

Ijumaa, 17 Novemba

Daktari Eustace amefanya tumbo la saba.

Wenyewe wanasema "tumbo" kwa kifupi. Figo zikigoma kabisa, daktari anatoboa chini ya kitovu, anaingiza mpira, anapitisha maji ya dawa tumboni, anayaacha kidogo, kisha anayatoa yakiwa yamebeba uchafu ambao figo zingeutoa. Wanarudia siku nzima. Mimi hukaa nje na kitabu changu kwa kuwa sipendi kuona sindano.

Kifungu cha tisa cha viwango nakijua kwa moyo, kwa jinsi nilivyokipiga chapa mara nyingi: *Mwanafunzi hataingiza mpira tumboni mwa mtoto peke yake kabla ya kukamilisha matumbo kumi akisimamiwa.*

Alipotoka, nesi Mwamvua alimtania. "Saba, daktari. Bado matatu tukuoze."

"Nani atanipa mke, nesi? Mimi nanuka spiriti."

Daktari Kamili akatia sahihi. Mimi nikagonga mhuri. Nilijisikia mtu wa maana.

Jumatano, 22 Novemba

Redio inasema vita tu. Nyumbani kwa Daktari Eustace ni ng'ambo ya Mto Kagera, upande uliovamiwa. Hajapata barua. Hatumuulizi.

Jumatatu, 27 Novemba

Daktari Kamili ameitwa kwenda kuhudumia majeruhi. Ameondoka na lori la misheni, maana lori nalo limeitwa. Alinikabidhi mhuri ndani ya soksi safi.

"Huu ni wa kazi niliyoiona kwa macho yangu," alisema. "Nisipoiona, ukae humo ndani ya soksi."

Nikasema ndiyo, daktari. Kwa Daktari Eustace alisema, "Ukipata kesi nzito, mpeleke Mwanza." Wote wawili walitazama barabara, ambayo ilikuwa matope matupu.

Ijumaa, 1 Desemba

Hakuna jipya. Mvua.

Jumatatu, 4 Desemba

Ameletwa mtoto Jilala, miaka sita, kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mama yake ni mkulima wa pamba upande wa Bukombe, mwembamba, mkimya, na Kiswahili chake kidogo. Mimi ndiye mkalimani. Kwetu Ushirombo ni Wasumbwa, lakini Kisukuma nilikipata utotoni, baba alipokuwa kazini karibu na Mhunze.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia, yaani umeamkaje, mama. Akashangaa, akaitika.

Jilala amevimba uso, vidole vimejaa makovu ya upele. Shinikizo la damu liko juu. Mkojo wa leo: mililita 60, rangi ya chai. Amepewa kitanda cha nne. Cha tano ni Tereza, msichana wa miaka tisa ambaye figo zake zimeamka. Sasa anajaza chupa hata nyingine inahitajika, na mama yake anatembea wodini kama mwenye harusi.

Jumatano, 6 Desemba

Jilala: 65. Vikombe vitatu na nusu. Anamaliza vyote kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo anaomba.

"Minzi, mayu. Minzi."

Maji. Hasemi neno lingine. Na nje mvua inashuka kwenye bati, inatiririka kwenye mfereji chini ya dirisha lake, anaisikia yote. Mama yake amegeukia ukutani. Mimi nilihamisha mashine yangu chumba cha pili.

Alhamisi, 7 Desemba

Jilala 70. Tereza 1,080. Mama Jilala aliniuliza kwa nini mtoto wa jirani anakunywa anavyotaka. Nikamweleza: chupa yake imejaa. Chupa ikijaa, vikombe vinaongezeka. Akaitazama chupa ya Tereza mezani kwangu kwa muda mrefu.

Ijumaa, 8 Desemba

Jilala 380! Daktari Eustace alisoma karatasi yangu mara mbili, akacheka peke yake. Figo zimeamka. Vikombe saba. Jilala alikunywa kikombe cha kwanza akiwa amekishika kwa mikono miwili, macho yamefumba.

Jumamosi, 9 Desemba

Jilala 410. Nataka kuandika jambo na sijui kama ni halali kuliandika.

Mkojo wa Jilala ulikuwa chai ya rangi. Tangu jana ni mweupe, kama wa Tereza. Labda ndivyo figo zinavyoamka. Mimi si daktari. Lakini Tereza alikuwa 1,080, jana akawa 780, leo 740. Nikijumlisha vitanda viwili: Alhamisi 1,150. Jana 1,160. Leo 1,150.

Nimefanya hesabu hiyo mara nne.

Jumapili, 10 Desemba

Misa. Sikukomunika. Jilala 400, Tereza 760.

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba. Msimu mmoja alisema gunia la mtu fulani limenyunyiziwa maji ili lipate uzito. Lilikuwa limenyunyiziwa kweli, maji yalidondoka mezani. Lakini mwenye gunia alikuwa na ndugu wengi, nao walimngoja baba njiani jioni ile. Mkono wake wa kulia haujanyooka mpaka leo. Kituoni walisema karani mgomvi hafai, wakamwachisha. Aliporudi nyumbani alituambia, "Karani akiona gunia limelowa, aandike kilo." Hakutania.

Nani mimi, miezi sita kazini, nimwambie mama mwenye mtoto mgonjwa kwamba anadanganya? Na ikiwa nimekosea?

Jumatatu, 11 Desemba

Jilala 420. Uso umevimba kuliko Ijumaa. Daktari Eustace alisimama kando ya kitanda chake muda mrefu, akambonyeza mguu, alama ya kidole ikabaki kama kwenye ugali.

"Mkojo umerudi, lakini uvimbe haupungui," alisema. "Ningekuwa na mizani." Kisha akaja mezani kwangu. Macho yake mekundu. Nadhani halali tangu habari za Kagera. "Paskalia, karatasi hii una hakika nayo?"

"Nimeandika kilichokuwa kwenye chupa, daktari."

Ni kweli tupu. Na ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema.

Akaacha vikombe saba.

Jumanne, 12 Desemba

Naandika saa kumi jioni.

Asubuhi Jilala hakuweza kulala chali. Alikaa akishika kingo za kitanda, mabega yanapanda na kushuka, na midomoni povu. Mama Jilala alikuja mezani na chupa: 430. Aliiweka mbele yangu. Nilisoma alama. Kalamu nilikuwa nayo. Sikuandika.

Nilimfuata Daktari Eustace. Nilisema maneno yote kwa pumzi moja: rangi, vitanda viwili, jumla 1,150, tangu Ijumaa. Alitembea hadi mezani, akainua chupa kuelekea dirishani, kisha akasema, "Mwulize."

Nilimwuliza kwa Kisukuma, taratibu, kama ninavyosema na mama yangu. Mama Tereza alianza kulia kabla ya mwenzake kufungua mdomo.

"Ni mimi nilimpa," alisema. "Mtoto alikuwa analia maji! Ungeweza kumsikiliza wewe?"

Mama Jilala hakulia. Alinitazama mimi, si daktari.

"Karani anapopima, mtu huongeza," alisema. "Hata pamba tunainyunyizia maji. Makarani wote wanajua. Wanaandika. Mimi nilidhani unajua, ukaniachia kwa huruma."

Daktari aliuliza amesema nini. Nilitafsiri. Sehemu ya mwisho sikuitafsiri.

"Na mkojo wake yeye mwenyewe ni kiasi gani?"

Mama Jilala aliinua kidole, akaonyesha chini kabisa ya chupa, pale kioo kinapojikunja. Tangu jana, hata hicho hakikuwepo.

Mwanza haifikiki. Daraja la mto wa kwanza limefunikwa na maji, na lori halipo. Nesi Mwamvua tayari alikuwa ameanza kuchemsha vyombo. Daktari Eustace alisimama mbele ya beseni, mikono imening'inia.

"Nisomee kifungu cha tisa," aliniambia.

"Daktari?"

"Nisomee."

Nikasoma. *Hataingiza mpira tumboni mwa mtoto peke yake.* Nesi Mwamvua alitazama chini. Daktari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia bei na ameikubali, akachukua sabuni.

"Leo usikae nje," alisema. "Shika karatasi, kaa hapa. Kila maji yanayoingia na yanayotoka, uyaone mwenyewe ndipo uandike."

Nikakaa. Niliona sindano. Niliona mpira ukiingia na maji yakirudi, kwanza na damu kidogo, kisha ya manjano. Yaliingia 500, yakatoka 640. Yakaingia 500, yakatoka 700. Daktari alisema, "Anatoa. Anatoa." Mama Jilala alishika miguu ya mtoto. Saa tisa Jilala aliweza kuegemea mto.

Jumatano, 13 Desemba

Mizunguko ishirini na miwili. Jumla iliyotoka zaidi ya iliyoingia: lita mbili na robo. Jilala amefungua macho, amemwambia Mwamvua kofia yake imekaa upande. Mwamvua alitoka nje, akarudi ameiweka sawa na uso umelowa.

Alhamisi, 14 Desemba

Jilala amefariki saa nane mchana. Moyo ulianza kwenda ovyo ghafla. Daktari anasema chumvi iliyojikusanya damuni siku zile zote huusimamisha moyo, na tulianza tumekwisha kuchelewa. Alifanya kila alichojua. Nilikuwepo.

Kilichoingia mara ya mwisho 500. Kilichotoka sikuandika, maana hakuna aliyekiangalia.

Ijumaa, 15 Desemba

Mkokoteni ulikuja asubuhi na mjomba wa mtoto. Mama Jilala aliniita pembeni ya ukuta wa jiko.

"Karani, umeandika nini kitabuni?"

"Namba, mayu."

"Na mimi umeniandika?"

"Hapana."

"Baba yake akija kuuliza, kitabu kitasema nimemwua?"

"Kitabu hakisemi hivyo."

"Basi kinasema nini?"

Alingoja. Kisha akajifunga kitenge vizuri, akapanda, wakaondoka.

Jumamosi, 16 Desemba

Mvua.

Jumapili, 17 Desemba

Mvua. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 18 Desemba

Mstari wa nane wa Kitabu cha Mafunzo uko wazi. Tarehe, mtoto, kilichofanyika. Sahihi hakuna, mhuri hakuna.

Nesi Mwamvua alifunga mlango wa ofisi, akakaa juu ya meza yangu.

"Mdogo wangu, mhuri unao."

"Ninao, dada."

"Gonga. Kamili atatia sahihi akirudi, hatauliza. Tumbo bila msimamizi na mtoto kafa, unajua watakavyosema huko juu? Watamfuta. Kijana wa watu, hajui hata kama mama yake yuko hai, na sasa afutwe?"

"Daktari Kamili alisema ni kwa kazi aliyoiona."

"Kamili alikuwapi?" alisema kwa ukali, kisha akapunguza sauti. "Sikuambii uibe. Nakuambia uhurumie."

Baada ya kuondoka niliutoa mhuri kwenye soksi, nikaupulizia pumzi. Nilikumbuka maneno ya yule mama: *ukaniachia kwa huruma.* Nikaurudisha. Katika nafasi ya sahihi nikaandika kwa wino: *Msimamizi hakuwepo.*

Naogopa. Sijui kama nimemharibia.

Jumatatu, 25 Desemba

Noeli. Tereza ameruhusiwa kwenda kwao. Mama yake alipita mezani kwangu bila kunitazama, kisha akarudi akaniachia viazi vitamu vitatu.

Jumatano, 27 Desemba

Leo nimemwambia Daktari Eustace kwamba si Jumanne ile nilipojua. Nilijua Jumamosi. Aliponiuliza Jumatatu, nilikuwa najua.

Alikuwa akila. Aliweka kijiko chini. Nilitegemea kufukuzwa, na nilikuwa nimekwisha kufunga sanduku langu.

"Siku tatu," alisema.

"Ndiyo, daktari."

"Ulimwogopa nani?"

Nikamweleza habari za baba na gunia. Alisikiliza hadi mwisho. Chakula kilipoa.

"Sikusamehe leo," alisema. "Labda baadaye. Lakini nisikilize. Mimi nilimaliza chuo cha udaktari. Nimefanya matumbo saba. Kwa siku nne sikuinua chupa ile mara moja kuitazama. Nilisoma namba yako, kwa sababu namba ni safi na chupa inanuka. Uso wa mtoto uliniambia kitu kimoja na karatasi ikaniambia kingine, nikaamini karatasi." Akasukuma sahani. "Fungua sanduku lako, Paskalia. Kesho saa moja nitakuwa mezani kwako."

Alhamisi, 28 Desemba

Alikuwepo saa moja kasorobo. Amemwaga chupa kwa mkono wake.

Jumatano, 10 Januari 1979

Mizani imepatikana, na si kwa barua zangu. Ghala la pamba la kijiji limefungwa hadi msimu wa kuvuna, na mizani yake ya kuning'iniza imekaa bure humo. Daktari Eustace alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masele.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba mizani."

"Marahaba. Unataka kununua pamba Januari, daktari?"

"Nataka kupima watoto."

Mzee alicheka hadi akakohoa, kisha akaona mwenzake hacheki. Tuliipata, pamoja na sharti la kuirudisha Mei. Tumeifunga kwenye boriti ya ukumbi wa wodi, na Mwamvua ameshona mfuko wa turubai wa kumkalisha mtoto.

Akina mama hawakuipenda. Nilijua hawataipenda. Mizani ile ile, na karani mwenye kitabu.

"Leo tunauzwa," alisema mmoja.

"Wangu daraja la kwanza!" alisema mwingine. "Wako mchafu, daraja la pili."

Walicheka, lakini hakuna aliyetangulia. Nikafanya jambo ambalo sikuagizwa na mtu. Niliweka kalamu chini, nikakaa mimi mwenyewe kwenye mfuko, miguu inaburuza, nikamwambia yule wa daraja la kwanza asome. Anaisoma mizani kuliko mimi; ameuza pamba miaka kumi na miwili.

"Arobaini na saba," alisema. "Karani huyu hali."

Baada ya hapo wakaja. Kila mama anasoma mwenyewe uzito wa mwanawe kwa sauti, daktari anathibitisha, mimi naandika.

Jumamosi, 20 Januari

Daktari Eustace amepata barua kutoka kwao. Mama yake yuko salama, nyumba haipo.

Jumapili, 4 Februari

Mvua imepumzika.

Jumatatu, 19 Februari

Daktari Kamili amerudi, amekonda, mvi zimeongezeka. Alisalimia kila kitanda kwanza. Kisha akaomba Kitabu cha Mafunzo.

Alisoma mstari wa nane akiwa amesimama. *Msimamizi hakuwepo.* Akasoma karatasi za vipimo zilizobandikwa, za Ijumaa ile hadi Alhamisi. Daktari Eustace alisimama mikono nyuma, kama mwanafunzi wa shule.

"Hili halihesabiki," Daktari Kamili alisema hatimaye.

"Najua, daktari."

"Una saba."

"Nina saba."

"Na nikiulizwa kwa nini mwanafunzi wangu alivunja kifungu cha tisa, nitajibu nini?"

"Kwamba alikuwa peke yake na mtoto anazama."

Daktari Kamili alifunga kitabu. "Nitajibu hivyo. Kwa kufanya, sina neno nawe. Kama ungekaa tu na kumtazama, ningekufuta leo." Alikaa. "Kinachonisumbua ni hizi 380 na 410. Nilikufundisha kutoboa tumbo. Hizi nilimwachia karani. Viwango vyangu vina kurasa ishirini na sita, na hakuna mstari unaosema nani aishike chupa."

Ndipo nikasikia sauti yangu ikisema, "Ninao mmoja, daktari."

Nilikuwa nimeupiga chapa tangu Januari na kuuficha chini ya kaboni. Nilimpa. Aliusoma kwa sauti:

*"Kabla mwanafunzi hajahesabiwa tumbo hata moja, kwa muda wa miezi mitatu apime kwa mkono wake mkojo na uzito wa kila mtoto kila asubuhi, mbele ya mama, na mama asome mizani. Akae na mama, kwa lugha ya mama, amweleze kwa nini mtoto ananyimwa maji, mpaka mama aweze kumweleza mama mwingine. Chupa pekee isiaminiwe. Karani anayeona jambo aseme siku hiyo hiyo, naye asiadhibiwe kwa kusema."*

Alirudisha kidole kwenye sentensi ya mwisho.

"Hiyo ya mwisho si kiwango cha daktari," alisema.

"Hapana, daktari."

"Iache." Akanirudishia karatasi. "Iweke mwanzoni. Kitabu kizima kianze hapo."

Alinitazama kwa muda, nami nikajua amezielewa zile siku tatu bila kuambiwa. Hakuniambia rudia.

Alhamisi, 22 Februari

Nimepiga chapa kurasa zote ishirini na saba. Hakuna kosa.

Jumanne, 13 Machi

Masika. Mvua imerudi kwa nguvu.

Jana jioni ulifika mkokoteni ninaoujua. Mama Jilala amemleta mdogo wake Jilala, Justa, miaka minne. Upele vidoleni, macho yamefumba kwa uvimbe. Nilifikiri akiniona atageuza ng'ombe. Hakugeuza. Alimbeba mtoto hadi mlangoni, akanipa salamu ya jioni, "Mwadila, karani."

"Mwadila, mayu."

"Nimewahi?"

"Umewahi."

Kitanda cha nne ndicho kilichokuwa wazi. Alikitazama, akakaa.

Tulikaa naye mpaka saa ya chakula, Daktari Eustace na mimi. Nilitafsiri kila kitu: figo zilizolala, maji yasiyo na pa kutokea, uso, miguu, mapafu. Nilipofika mapafuni alinikatiza. Yeye ndiye aliyemalizia, kwa Kisukuma, akimwambia mama wa kitanda cha tatu aliyekuwa akisikiliza.

Kisha akaniuliza, "Ulisema kitabu hakisemi nimemwua. Kinasema nini?"

Nikaleta kile kifungu, nikamtafsiria neno kwa neno hadi pale pa karani. Hapo nikasema, "Huyu ni mimi. Nilijua siku tatu nikanyamaza."

Justa alianza kuomba maji, kwa neno lile lile. Mama yake alilowesha kona ya kitenge, akampangusa midomo, hakumpa zaidi.

Leo saa moja asubuhi alimweka mtoto kwenye mfuko wa turubai. "Kumi na tano na nusu," alisoma, sauti imara. Daktari Eustace akathibitisha. Daktari Kamili alikuwa nyuma yake.

Kisha Mama Jilala akachukua chupa. Hakuiweka mezani. Aliiinua juu dirishani, palipo na mwanga, ili mimi, madaktari wote wawili na akina mama wa vitanda vyote tuone. Chini kabisa, pale kioo kinapojikunja, kulikuwa na mkojo kidogo, mweusi kama chai.

"Ni huu tu," alisema. "Andika."

Nikaandika: mililita 30. Daktari Eustace alikuwa ameshachukua sabuni kwa ajili ya tumbo, na Daktari Kamili alikuwa akikunja mikono ya shati asimame kando yake.